Kabla Tingatinga Halijafika: Kutengeneza Filamu ya Wakazi wa Kota, Arusha na Moshi

Wenye kamera wengi hufika kota siku tingatinga linaposhushwa kwenye lori. Wanapata vumbi, mgambo, ukuta unaoanguka na mtu analia, na jioni wana taarifa ya habari ya dakika mbili. Filamu yenyewe ilikwisha kupita. Ilikuwa kwenye ile miezi ya barua, vikao vya jioni uani, foleni ya masjala, na mama aliyeendelea kupiga rangi sebule yake huku ukuta wa nje una X nyekundu ya kubomolewa.

Mfano mkubwa wa kosa hili ni Pruitt-Igoe ya St. Louis, Marekani: majengo 33 ya ghorofa 11, nyumba za umma. Mwaka 1972 baadhi yalilipuliwa mbele ya kamera, na picha ile imezunguka dunia hadi leo. Wangapi wanajua kwamba wapangaji wa nyumba za umma za mji ule waligoma kulipa kodi mwaka 1969, wakakaza kwa miezi mpaka wakasikilizwa? Mlipuko uliwafuta. Kwa hiyo mwongozo huu unatumia maneno mengi kwa yanayotangulia siku ya kubomoa, na machache kwa siku yenyewe.

1. Jua nyumba ni ya nani

Usiwashe kamera kabla ya kujibu hili. "Nyumba ya serikali" ni jina la mitaani tu, maana wenye nyumba wako wengi. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa 1962. Msajili wa Majumba alikuja 1971 na majengo yaliyotaifishwa, kisha 1990 akaunganishwa na Shirika. Wakala wa Majengo (TBA) ni wa 2002 na hupangisha hasa watumishi. Zipo za halmashauri, zipo za reli, zipo za taasisi. Kila mwenye nyumba ana mkataba wa aina yake, na haki ya mpangaji hubadilika kulingana na mkataba huo. Mzee wa miaka 70 anaweza kukuambia nyumba ni ya Msajili wakati risiti yake ya mwisho inasema vingine. Omba aione risiti pamoja na wewe.

Jua pia kesi imefika wapi. Anayetaka kuishtaki Serikali, halmashauri au shirika la umma hutakiwa kutoa notisi ya siku 90 kwanza. Ukiona barua ya kuhama inatoa siku 30, hesabu mwenyewe: siku 30 zinaisha kabla ya 90. Hapo ndipo wakili hukimbilia mahakamani kuomba zuio la muda, na hapo ndipo penye mvutano wa filamu yako. Tengeneza kalenda ya ukutani yenye tarehe hizo zote, upange siku za kurekodi kwa kuifuata.

Arusha kuna jambo la ziada. Wakazi watasema, "Tutaenda Mahakama ya Afrika, si ipo hapa hapa mjini?" Ipo, ni ile ya Haki za Binadamu na Watu, lakini mwaka 2019 Tanzania iliondoa tamko lake la kuruhusu mtu binafsi kufungua kesi pale moja kwa moja. Ukiliacha tumaini hilo kwenye filamu bila neno la kuliweka sawa, utakuwa umewadanganya watazamaji na wakazi pia. Mwambie msemaji hapo hapo. Mara nyingi anavyolipokea jibu ni tukio lenye nguvu kuliko kauli ya kwanza.

2. Barua na vibali

Kupiga filamu nchini kunahitaji kibali cha Bodi ya Filamu, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976. Andaa muhtasari, maeneo, tarehe na majina ya kikosi. Muhtasari uwe wa kweli na mfupi: "maisha ya wakazi wa kota katika kipindi cha kuhamishwa" ni kweli, na haumfanyi ofisa yeyote ajione ameshahukumiwa. Ukishapata kibali, nenda kwa mtendaji wa kata, kisha mtendaji na mwenyekiti wa mtaa. Beba nakala tano za kila barua. Askari atakayekusimamisha hataki maelezo, anataka karatasi yenye mhuri.

Droni ni safari nyingine: Mamlaka ya Usafiri wa Anga, pamoja na ruhusa ya Wizara ya Ulinzi. Arusha kuna uwanja wa ndege wa Kisongo, na Moshi kuna uwanja wake na chuo cha polisi. Usijaribu "dakika mbili tu". Kama droni itachelewesha mradi, iache. Paa la jirani wa ghorofa mbili litakupa picha ya juu ya kutosha, kwa gharama ya soda.

3. Kuingia uani

Wiki mbili za kwanza nenda bila kamera. Anza kwa wazee, "Shikamoo mzee," keti, kunywa chai. Kisha kamati ya wakazi. Vijana wa kijiweni nao wasalimie. Iwe Ngarenaro au Pasua, machalii wakikukubali begi lako liko salama; ukiwapita kama nguzo za umeme, kila rekodi yako itakuwa na mluzi nyuma.

Ridhaa ndiyo sehemu inayoharibiwa na haraka. Fomu iwe ya Kiswahili, ukurasa mmoja, nakala mbili, moja abaki nayo mhusika. Isomeni kwa sauti, arudie kwa maneno yake mbele ya kamera. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inadai ridhaa, lakini hata isingekuwepo, zipo sababu tatu za pale kota zenyewe:

- Aliyepangishwa na mpangaji. Mikataba mingi ya nyumba za umma inakataza kupangisha mtu mwingine. Ukimwonyesha binti anayekaa chumba cha uani, umempa mwenye nyumba sababu ya kumfukuza yeye na aliyempokea.
- Mtumishi wa umma. Mwalimu au muuguzi aliyepewa kota hana uhuru wa kusema hadharani kama jirani yake mstaafu. Muulize faragha, si mbele ya kamati.
- Mwenye kinyongo na kamati. Yupo kila kota, na huenda ana hoja. Mrekodi.

Anayetaka kufichwa, afichwe kweli. Kushusha au kupandisha sauti kwa programu hakutoshi, mtu mwenye programu hiyo hiyo huirudisha ilivyokuwa. Andika maneno yake, mwingine ayasome. Na usifiche uso ukaacha pazia la maua ambalo mtaa mzima unalijua, namba ya mlango, au dera analovaa kila Jumapili.

Vikao vya kamati rekodi ufunguzi na mihemko, lakini wakifika kwenye mkakati wa wakili, zima na utoke. Picha zako zinaweza kuishia mikononi mwa upande wa pili.

Pesa: usilipe mahojiano. Nauli ya kifodi na chai kwa mtu uliyempotezea asubuhi ni haki yake, ila kiwango kiwe kimoja kwa wote na kijulikane. Siku moja ukimpa mmoja zaidi, kesho yake utakuwa na msemaji anayesema unachotaka kusikia.

4. Vifaa

Kamera moja unayoijua inashinda tatu za kukodi. Rekodi fremu 25 kwa sekunde, shata (muda kamera inaofunguka kupokea mwanga) sekunde 1/50. Umeme wetu ni mizunguko 50 kwa sekunde, na balbu za bei nafuu humeta-meta. Ukiweka shata 1/60 utaona mistari inatembea kwenye ukuta wa sebule, na hairekebishiki vizuri baadaye. Kwa kuwa shata imefungwa hapo, jua la Moshi la saa sita litaunguza picha, hivyo beba kichujio cha kupunguza mwanga stopu 5 au 6 (kila stopu hukata mwanga nusu). Lenzi mbili: moja kati ya mm 24 na 35 kwa vyumba vidogo, na moja ndefu ya 70–200 kwa siku ya kubomoa.

Hifadhi: rekodi ya megabiti 100 kwa sekunde hula GB 45 kwa saa, ya megabiti 50 hula GB 22.5. Filamu ya aina hii hukusanya saa 40 au zaidi. Kwa megabiti 50 hiyo ni karibu GB 900, kwa hiyo diski mbili za TB 2 zenye kitu kile kile, na ya tatu ikae mji mwingine. Arusha na Moshi hazipishani hata kilomita 100, mpe ndugu wa upande wa pili. Memori kadi isifutwe mpaka nakala mbili zimefunguliwa na kuchezwa, siyo kuonekana tu majina ya faili.

Jua liko karibu utosini, kwani tuko nyuzi tatu na kitu kusini mwa ikweta. Kati ya saa nne na saa kumi macho ya msemaji huwa mashimo meusi. Mketishe barazani, hatua moja ndani ya kivuli, akitazama nje: uwanja wenye mwanga unakuwa taa yako. Julai Arusha ni mawingu na ubaridi, mwanga laini siku nzima, msimu mzuri wa mahojiano. Masika, Machi hadi Mei, bati litapiga kelele na barabara za ndani zitakula stendi yako.

Mlima Kilimanjaro mara nyingi huonekana alfajiri kisha hujifunika. Usiupige kila dakika tano. Huu si mkanda wa watalii.

5. Alama za kudumu

Hii ndiyo kazi rahisi kuliko zote, na huleta picha zenye thamani kuliko zote. Chagua sehemu sita za kusimama: mlango wa uani, bomba la maji, kona yenye X, korido, ukuta wa jiko, geti. Kila sehemu andika: lenzi gani, kimo cha kamera (sentimita 150 ni karibu na macho ya mtu aliyesimama), wapi miguu ya stendi ilikaa, saa ngapi. Rudi kila wiki siku ile ile, saa moja asubuhi, rekodi dakika mbili bila kusogeza kamera.

Hapa watu hukosea kitu kimoja. Wanapima kwa ukuta. Ukuta ukishabomolewa hakuna pa kupimia, na ile picha ya "kabla na baada" haikai. Ndani ya fremu weka kitu kitakachobaki: nguzo ya TANESCO, mjakaranda wa barabarani, kingo ya mtaro wa mawe, mgongo wa Meru. Baada ya kubomoa unalinganisha nguzo na nguzo, na nyumba inatoweka yenyewe bila maneno.

X nayo ina maisha. Wiki ya kwanza rangi inachuruzika, herufi za BOMOA zimeandikwa kwa haraka. Wiki ya tatu mtoto amechora nyumba pembeni yake kwa mkaa. Wiki ya sita mtu ametundika juu yake kapu la vitunguu. Piga karibu, sekunde 20 kila mara, na mwanga wa pembeni wa asubuhi ili mikwaruzo ya lipu ionekane.

Rekodi na sauti za mahali, zitakufa pamoja na nyumba: komeo, bomba linalokohoa maji yakirudi, ndala kwenye korido ya saruji, redio ya jirani kupitia ukuta. Dakika moja moja, kamera imezimwa.

6. Karatasi

Mkazi atakuja na mfuko wa rambo umejaa risiti. Huo ni moyo wa filamu. Laza karatasi juu ya kitambaa cheusi, mwanga kutoka dirishani upande mmoja na kadibodi nyeupe upande wa pili, kamera ikitazama chini sawasawa, bila flashi. Piga nne: karatasi nzima, tarehe, sahihi, mhuri. Kisha ya tano ikiwa mkononi mwa mwenyewe. Namba ya kumbukumbu iandike kwenye daftari. Namba za simu na za NIDA zifunike kabla ya kupiga, usitegemee kuzifunika kwenye uhariri. Ukimaliza, wape kamati nakala safi kwenye flashi. Huenda wakili wao hakuwahi kuziona zote pamoja.

7. Mahojiano

Swali baya: "Mama, unajisikiaje kubomolewa nyumba?" Jibu lake ni machozi au hotuba. Swali zuri: "Mama, siku barua inakuja ulikuwa unafanya nini? Nani aliipokea?" Atakuambia alikuwa anachambua mchele, karani alikataa kukaa, barua ilikuwa na jina la marehemu mume wake. Sasa una tukio. Baada ya jibu, nyamaza sekunde tano. Sentensi bora huja hapo.

Maiki ya kifuani ikae sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu. Kanga mpya yenye wanga inachakarisha. Ibane maiki kwenye nguo ya ndani kwa plasta, kanga iwe juu bila kugusa kichwa cha maiki. Shanga zivuliwe kwa ruhusa yake. Kiwango cha juu cha sauti kisizidi desibeli -12, na kama kifaa kinaruhusu weka njia ya pili iliyopungua desibeli 10 kwa ajili ya anayepandisha sauti ghafla. Hedifoni masikioni muda wote, kwani macho hayasikii friji. Friji izimwe, na funguo zako za chumba ziweke ndani yake, hutaondoka ukasahau kuiwasha, na nyama ya watu isiharibike. Mwisho wa mahojiano wote wakae kimya sekunde 60, urekodi ukimya wa chumba. Bila huo, kila mkato utasikika kama mlango unaofungwa.

Mwenye nyumba naye ana haki ya kusikika. Andika barua yenye maswali mahususi, nakala mbili, ipeleke masjala mkononi, nakala yako igongwe mhuri wa IMEPOKELEWA na tarehe. Toa siku 14, kisha kumbusha kwa barua ya pili. Wakijibu, wape muda wa kutosha, na usimhariri ofisa aonekane mjinga: hoja kwamba paa limeoza na mfumo wa majitaka umekufa mara nyingi ni ya kweli, na wakazi wenyewe huikubali. Wengi hawapingi nyumba kuvunjwa. Wanapinga kutojua watakaa wapi na kama watarudi. Wasipojibu, onyesha mhuri. Neno "walikataa kuongea" ni zito kuliko ukweli kama hawajajibu tu.

8. Siku yenyewe

Watu watatu: wa kamera, wa sauti ambaye pia anatazama mgongo wa mwenzake, na wa tatu aliye nje ya eneo na boda inayosubiri. Kadi ibadilishwe kila nusu saa, iliyojaa itoke na wa tatu. Namba ya wakili iandikwe kwa peni kwenye mkono, simu inaweza kuchukuliwa.

Kota za zamani nyingi zina paa za asbesto. Zikivunjwa hutoa nyuzi zisizoonekana zinazokaa kwenye mapafu miaka mingi. Barakoa ya kitambaa haisaidii, na N95 haitoshi kwa asbesto, vaa P100 au FFP3 iliyobana. Simama upande upepo unakotoka, mita 30 au zaidi, tumia ile lenzi ndefu, na usibadilishe lenzi kwenye vumbi. Nguo zifungwe kwenye mfuko kabla ya kuingia nyumbani kwako. Waambie na wakazi. Kesho yake watarudi kuokota mbao na mabati, watoto wakiwa mbele.

Ukiambiwa na askari uzime, zima, onyesha barua, ondoka polepole. Usibishane, na usifute chochote kwa hiari yako. Mtoto anayelia usimkaribie. Mgeuzie kamera kirikuu inayopakiwa: godoro, beseni, picha ya harusi, jiko la mkaa bado lina majivu ya moto. Kisha ifuate kirikuu hadi inaposhusha. Wengi huacha kurekodi kabla ya hapo.

9. Uhariri

Andika mahojiano yote neno kwa neno pamoja na muda wake, chapisha, kata kwa mkasi, panga sakafuni. Barua ya kuhama ndiyo uti wa mgongo, kila kitu kinakaa kabla au baada yake. Dakika tano za kwanza zimwache mtazamaji anajua nyumba ni ya nani, nani analipa kodi, barua inasema nini.

Usikimbilie kumalizia na kifusi. Wakazi wa Magomeni Kota, Dar es Salaam, waliondolewa, nyumba zikavunjwa, eneo likakaa miaka. Mwaka 2016 Rais Magufuli akawaahidi nyumba mpya, na zilizinduliwa Machi 2022 na Rais Samia kwa kaya 644. Aliyefunga filamu yake kwenye kifusi alikosa nusu ya habari. Panga bajeti ya kurudi baada ya miezi sita na baada ya mwaka, hata siku mbili mbili.

Tafsiri ya chini ya skrini kwa wageni ipitiwe na mtu wa hapa. Shanty Town ya Moshi ni mtaa wa bustani na mageti. Mgeni akisoma jina hilo bila maelezo ataelewa kinyume kabisa.

10. Kuwaonyesha kwanza wenyewe

Kabla ya kufunga hariri, waonyeshe waliomo, mmoja mmoja kwenye kompyuta, sehemu zao. Makosa ya majina na miaka yatakamatwa hapo. Anayeomba kuondolewa, muulize sababu. Kama ni usalama wake, muondoe. Kuonyesha hadharani kunahitaji filamu iwe imepitishwa na Bodi, na kama utarusha vipande mfululizo mtandaoni, kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2020, pamoja na marekebisho yake, zinakuhusu; waulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kama unahitaji leseni.

Onyesho la uani: projekta ya lumeni 3,000, shuka jeupe mbili zilizoshonwa na kuvutwa kwa kamba pande nne, vinginevyo upepo utawafanya wazee wa kwenye picha wacheze. Anza saa moja na nusu usiku, kabla ya hapo anga bado lina mwanga. Spika mbili kimo cha kichwa, zikiwatazama watu. Waya wa mita 50, na jenereta nyuma ya nyumba ya mwisho. Kama unatumia umeme wa mtu, nunua Luku yake mchana na umwonyeshe tokeni ikiingia, maana hakuna atakayekubali kuulizwa uniti zilizobaki saa mbili usiku, watu mia wamekaa gizani.